Mzigo Mrefu

Kwa miezi minne mwaka 2025 nilikaa Mukuyuni nikiwashauri Wazungu jinsi ya kupanda ndege na mbao zao za kuteleza mawimbini. Mimi sijawahi kupanda ndege. Bahari nilikuwa nimeiona mara moja tu, tripu ya shule ya upili, tukiwa na sare na mwalimu akihesabu vichwa kila baada ya dakika tano. Lakini kazi ilikuwa dola 12 kwa makala ya maneno 1,500, na mteja hakuuliza kama najua kuogelea.

Kama huijui Mukuyuni, ni soko lililo kando ya barabara ya Machakos kwenda Wote. Jina limetokana na mikuyu. Mito ya huku ni ya mchanga: mvua ikinyesha inashuka kwa kishindo siku moja au mbili, halafu inabaki njia nyeupe, kavu, na maji unayafuata chini kwa jembe. Ndiyo maana Ukambani kumejaa mabwawa ya mchanga. Unajenga ukuta wa zege kukatiza mto, mchanga unajaa nyuma yake, maji yanajificha ndani ya mchanga na jua haliyafikii. Wimbi kubwa zaidi ambalo nimewahi kuliona ushago ni lile la karai Mwaitu akimwaga maji ya kufulia.

Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ikiwa imegoma kabisa. Wenzangu wengi tulioanza nao kazi za mtandaoni walikuwa wakiandika insha za wanafunzi wa Uingereza na Marekani, biashara ambayo Wakenya tumejulikana nayo hadi tukasemwa. Mimi nikaangukia mizigo. Nilikuwa nakaa nyuma ya duka la M-Pesa la mjomba, kwa sababu stima ya pale haipotei sana, na wateja wakija kutoa pesa wananikuta nasoma masharti ya mizigo ya mashirika ya ndege, moja baada ya jingine, kama mtu anayesomea upadri.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba shida ya ubao si uzito. Huku kwetu mzigo ni uzito. Kondakta anainua gunia, anakunja uso, anataja bei, mnabishana, mnaelewana. Kwenye ndege, begi la kawaida la daraja la chini mara nyingi ni kilo 23, na ukijumlisha urefu, upana na kimo usizidi sentimita 158. Sasa chukua ubao mfupi wa mawimbi, futi 6. Hiyo ni kama sentimita 183 kabla hujapima upana. Uzito wake? Kilo tatu hivi. Ubao wa tanga, ule ambao mtu anasimama ameshika tanga upepo umburute, unaweza kuwa na sentimita 240 na uzito wa kilo 7 au 8. Mwanambuzi ni mzito kuuliko. Lakini umeshavuka kipimo, na ukivuka, unaingia kwenye ukurasa mwingine wa masharti, ule wa vifaa vya michezo, ambako kila shirika lina dini yake.

Kuna wanaohesabu ubao kama begi lako la kawaida, hulipi kitu. Kuna wanaotoza bei moja kwa kila safari, kwenda na kurudi ukilipa mara mbili. Kuna wanaosema wazi kwamba mzigo ukizidi urefu fulani haupandi, hata ulipe nini. Na kuna wale wanaotofautisha ubao wa mawimbi na ubao wa tanga, kwa sababu wa tanga unakuja na ukoo wake mzima: mlingoti, tanga lenyewe, boriti ya kushikia, mapezi. Mlingoti wa sentimita 430 hutenganishwa vipande viwili, lakini kila kipande bado kinazidi mita mbili. Kwa hiyo jina unalolitaja ukikata tiketi ni pesa. Sema "ubao" peke yake, ufike kaunta na milingoti miwili na matanga matatu, hapo ndipo utajua neno moja linaweza kugharimu karo ya muhula.

Wenye tiara ndio hucheka mwisho. Wale wanaoburutwa na tiara kubwa juu ya maji (ufukweni wanaiita kaiti, na mimi natoka eneo bunge la Kaiti, kwa hiyo nilidhani mwanzoni tunatajwa sisi) mzigo wao hukunjika. Ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walisajili hataza ya tiara ya kujazwa upepo mwaka 1984. Ukitoa upepo inabaki kitambaa. Ubao wake mara nyingi ni sentimita 140 au chini. Vyote vinaingia ndani ya mfuko wenye umbo la mfuko wa gofu, na kweli kuna watengenezaji wanaouza mifuko ya tiara iliyoandikwa GOFU ubavuni, kwa sababu mashirika mengi yana bei nafuu kwa gofu. Niliwaza sana juu ya hilo. Kwamba kuna mtu aliketi ofisini akaamua fimbo za gofu ni mzigo wa kawaida wa binadamu.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni skrubu. Mbao nyingi za tanga zina povu ndani lililofungiwa pande zote, na mahali fulani juu kuna skrubu ndogo ya kupumulia. Ndege ikipanda, kanieneo ya hewa kwenye chumba cha mizigo hushuka, hewa iliyo ndani ya povu hutaka kutanuka, na ikikosa njia inaweza kubandua ngozi ya ubao. Kwa hiyo kabla ya safari unailegeza skrubu. Ukifika, kabla ya kugusa maji, unaikaza, la sivyo ubao unakunywa bahari. Baadhi ya mbao mpya zina kifuniko kinachopumua chenyewe. Nilieleza jambo hili katika makala saba tofauti, kila mara kwa maneno mapya ili mteja asilalamike, na bado halikunichosha. Nikiwa pale nyuma ya duka nilikuwa nahisi nimewahi kuishika ile skrubu.

Mengine nilikuwa nayapitia haraka. Ng'oa mapezi uyafunge peke yake. Pua na mkia vifunge mara mbili, kwa sababu ndiko huvunjika, na mabomba ya sponji ya mafundi wa maji yanafaa kuliko vitu vya bei vya madukani. Usibebe asetoni wala kemikali za kuzibia nyufa zinazoshika moto. Ule ubao wa umeme unaopaa juu ya maji, betri yake haipandi ndege ya abiria: mpaka wa betri za lithiamu ni Wh 160, na hata kuzikaribia unahitaji ruhusa ya shirika, wakati betri ya ubao huo huvuka Wh 1,000. Begi moja lisizidi kilo 32, maana hapo mbavu za wapakiaji zinahusika, na sheria hiyo mimi naiunga mkono kwa mikono miwili.

Halafu kuna swali la ndege yenyewe. Ndege kubwa hupakia mabegi ndani ya makontena, na ubao mrefu hauingii humo; unapelekwa kwenye sehemu ya nyuma inayopakiwa kwa mkono, ambayo ni finyu. Ndiyo sababu unaambiwa ujulishe shirika mapema: nafasi huisha. Na kwa anayekuja Kenya, mtego uko Nairobi. Anashuka JKIA na ubao wa sentimita 240, amejipangia kuunganisha na kindege cha kwenda Ukunda, na ndege ndogo za safari huku mara nyingi zinataka kilo 15 kwenye mfuko laini. Mfuko laini! Ubao hauwezi kuwa laini hata ukiuombea. Kwa wasomaji wangu wa mbali niliandika: tafuta ndege inayotua Mombasa, kisha umalizie kwa gari.

Nilipopata malipo ya mwezi wa tatu niliamua kwenda kuyaona haya mambo. Nikapanda matatu hadi Wote, nikaunga hadi Emali, nikadandia treni ya mchana. Kutoka Miritini ni matatu, feri ya Likoni, matatu tena, Ukunda, boda, Diani. Ilikuwa wakati wa Kusi. Upepo unavuma kutoka kusini, mawimbi yanavunjikia mbali kwenye miamba, na ndani ya mwamba maji yametulia ila yamekunjamana kama shuka. Tiara zilikuwa juu, nyingi, na waliokuwa chini yake nusu walikuwa vijana wa pale pale.

Nilikaa na mmoja wao, mwalimu wa tiara, mzaliwa wa huko huko. Akanionyesha mbao zake. Karibu zote zilikuwa zimekuja kama mizigo ya wageni na hazikurudi.

"Mgeni akimaliza likizo anapiga hesabu," akaniambia. "Ubao umechubuka, kuurudisha ni pesa nyingine. Ananiambia, kaka, bei gani? Wengine wanaacha tu."

"Kwa hiyo bei ya mizigo ikipanda, wewe ndiye unafaidika?"

"Si ndio hivyo." Akacheka. "Lakini wakipandisha sana hawaji nayo kabisa, na mimi sipati. Inatakiwa iwe ghali kidogo tu."

Ile hesabu ya "ghali kidogo tu" hakuna makala niliyoisoma iliyokuwa nayo. Nikamwuliza kuhusu skrubu. Akaugeuza ubao wa tanga mkongwe uliokuwa umeegemezwa kwenye mnazi, akaifuta kwa kidole gumba. Ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani, imeingiwa na kutu. Nikaigusa. Akaniuliza kama nataka kujaribu kuingia majini, nikamwambia mimi ni Mkamba, akaelewa.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mteja alilitaka katika kila makala, na ndilo lililokuja kunisaidia: ubao ukivunjika au kupotea, nani analipa?

Jibu liko kwenye Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ulioanza kutumika 2003. Kenya imo. Kwa safari za kimataifa kati ya nchi zilizomo, shirika la ndege linawajibika kwa begi ulilowakabidhi likiharibika mikononi mwao, isipokuwa kama uharibifu umetokana na ubovu wa mzigo wenyewe. Kikomo ni kwa kila abiria, si kwa kila begi. Kilianza SDR 1,000 (hiyo ni sarafu ya hesabu ya Shirika la Fedha Duniani, huwezi kununulia mandazi), kikapanda mara kadhaa, na tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519, kama dola 2,000 za Marekani. Mzigo ukifika umeharibika, una siku 7 tangu uupokee kulalamika kwa maandishi. Ukichelewa, siku 21 tangu ukabidhiwe. Usipofika kabisa baada ya siku 21, unahesabiwa umepotea. Kesi mahakamani, miaka miwili.

Kabla ya hapo ulikuwepo Mkataba wa Warsaw wa 1929, na ule ulikuwa unalipa kwa kilo. Faranga 250 za dhahabu kwa kilo, ambazo siku hizi zilikuwa zikihesabiwa kama dola 20. Fikiria ubao wa kilo 7 uliounuliwa dola 1,500 unalipwa dola 140. Wepesi wa ubao, ambao ndio mtengenezaji alikesha akiutafuta, ndio ulikuwa unamwibia mwenyewe. Montreal ukafuta kilo. Niliiandika aya hiyo nikiwafikiria watu wa Hamburg.

Mwezi wa kumi, binamu yangu akarudi kutoka Riyadh. Ni mtoto wa dada yake Mwaitu. Sisi tunaitana dada na kaka, hakuna habari ya binamu. Alikuwa amefanya kazi za nyumbani huko miaka miwili. Alinipigia kwa WhatsApp saa tisa usiku kutoka JKIA, bado yuko ndani, kwenye mkanda wa mizigo.

"Kaka, begi moja halijafika. Hili lingine limepasuka, limefungwa na selotepu si yangu. Wamesema niende nyumbani watanipigia."

"Nani amesema?"

"Kijana wa kaunta."

"Dada, usitoke. Mwambie unataka ripoti iliyoandikwa, yenye namba. Na upige picha ya begi na tagi kabla hujaligusa."

"Ananiangalia tu."

"Mwache aangalie. Simama hapo hapo."

Alisimama dakika 50. Nilikuwa nasikia pumzi yake na matangazo ya ndege nyuma yake. Watu wa nyumbani walikuwa nje na gari la kukodi, wakimpigia waulize mbona hatoki, na dereva akitaja pesa za kusubiri. Mwishowe nikasikia mashine ya kuchapisha.

Begi lililopasuka lilikuwa na seti ya sahani, blenda, manukato na kitenge cha Mwaitu. Nusu ya sahani zilikuwa vigae, blenda imepasuka, manukato hayakuwepo. Lililokosekana lilikuwa na mablanketi mazito yale ya Uarabuni na viatu vya mtoto wake, vya namba aliyokadiria kwa simu. Ukijumlisha yote haifiki bei ya ubao mmoja wa tanga wa kaboni. Ila ubao wa kaboni una kurasa nzima za ushauri, kwa lugha nane, na nyingine nimeziandika mimi. Kwa msichana anayerudi kutoka Ghuba na mabegi mawili nilitafuta ukurasa mmoja, sikuuona.

Basi barua nikaiandika kwa mtindo ule ule. Nilichukua mpangilio niliokuwa nikiwapa watu wa mbao: namba ya ripoti, namba ya tagi, tarehe ya kupokea, orodha ya vitu na bei, picha, kifungu cha mkataba. Risiti alikuwa nazo tatu tu. Lakini wasichana wa huko wakifungasha hurekodiana video, wanacheka, kila kitu kinaonyeshwa kabla ya kuingia begini, na ile video ikawa ushahidi bora kuliko risiti yoyote. Tulituma siku ya nne.

Walijibu baada ya wiki mbili kwa hesabu ya kilo. Begi lilikuwa na kilo 23, vilivyoharibika wakavikadiria kilo 6, mara dola 20. Nilipoisoma nikacheka peke yangu hadi mjomba akachungulia. Nilikuwa nimeshaiandika ile aya! Nikawajibu kwamba Kenya na Saudi Arabia zote zimo kwenye Mkataba wa Montreal, kwamba tiketi ni ya kimataifa, na kwamba tunasubiri hesabu isiyo ya kilo. Wakasema vitu vya kuvunjika ni juu ya abiria. Nikawauliza manukato yalivunjika vipi pamoja na chupa yake yakatoweka bila kulowesha kitenge.

Begi la pili lilikuja siku ya 16, zima, na mablanketi yake. Viatu vilikuwa vimeshambana mtoto. Kwa lile la kwanza walilipa dola 412, baada ya barua sita na karibu miezi mitatu. Dada akanunua tangi la maji la lita 5,000 na salio akalipa deni la ajenti. Mwaitu anasema kitenge kina harufu ya ndege mpaka leo, sijui harufu hiyo ameijulia wapi.

Mteja wangu wa mbao alihamia kwenye programu inayoandika yenyewe, kwa hiyo dola 12 zimeisha. Lakini habari husafiri sokoni. Jumatatu iliyopita nilipokuwa dukani alikuja mama mmoja kutoka Kilala, mwanawe amerudi kutoka Doha Jumamosi, sanduku limekatwa kwa kisu. Ameifunga tagi kwenye leso, na ripoti pia anayo, mwanawe aliambiwa na wenzake ndani ya ndege aiitishe. Alikuwa hana orodha. Nikamwambia aende nyumbani wakae na msichana, waandike kila kitu kilichokuwa ndani, hata soksi, na bei zake. Leo ni Alhamisi, siku ya tano. Orodha imefika asubuhi hii na mtu wa boda, kurasa mbili za daftari, mwandiko mzuri. Stima imepotea tangu saa nne. Tuna mpaka Jumamosi.